WOGA: Klabu ya Texas Iliyolea Mabingwa Wawili wa Olimpiki wa Jimnastiki

Katika mji wa Plano, kaskazini mwa Dallas, jimboni Texas nchini Marekani, ipo klabu ya jimnastiki ambayo wasichana wake wawili walitwaa ubingwa wa jumla wa Olimpiki katika michezo miwili iliyofuatana. Carly Patterson aliupata Athens mwaka 2004, na Nastia Liukin akaupata Beijing mwaka 2008. Klabu hiyo ni World Olympic Gymnastics Academy, inayojulikana zaidi kwa kifupisho chake, WOGA. Msomaji wa Kiswahili anaweza kutabasamu akiliona jina hilo, kwa kuwa katika lugha yake lina maana ya hofu, ilhali mchezo unaofundishwa humo unamtaka mtoto apinduke kinyumenyume juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10.

Historia ya klabu hii ina mambo mawili yanayostahili kuangaliwa kwa pamoja. La kwanza ni namna utaalamu uliojengwa na dola moja kwa miongo mingi ulivyohamishwa na watu wachache na kupandwa upya katika ukumbi wa binafsi, upande mwingine wa dunia. La pili ni swali lililoikabili jimnastiki ya Marekani kwa uzito mkubwa kuanzia mwaka 2016: mtoto anapokabidhiwa kwa wataalamu ili afanywe bingwa, nani anawajibika kumlinda?

Chimbuko la klabu

WOGA ilianzishwa mwaka 1994 na Valeri Liukin na Yevgeny Marchenko, wanamichezo wa zamani wa Umoja wa Kisovieti. Marchenko alikuwa bingwa wa dunia katika sarakasi za mashindano, mchezo unaokaribiana na jimnastiki ambao wachezaji wake hubebana, hurushana na kupokeana. Liukin, mzaliwa wa Aktyubinsk katika Kazakhstan, alikuwa mmoja wa wachezaji wakubwa wa jimnastiki wa kizazi chake. Katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 alipata medali nne: dhahabu ya timu, dhahabu ya ufito wa juu aliyoipata sambamba na mwenzake Vladimir Artemov, fedha ya ubingwa wa jumla na fedha ya fito sambamba. Anakumbukwa pia kwa kupinduka mara tatu kinyumenyume angani katika mazoezi ya sakafuni, kitendo ambacho hadi leo ni wachache wanaothubutu kukifanya mashindanoni.

Mke wake, Anna Kotchneva, alikuwa bingwa wa dunia wa jimnastiki ya midundo mwaka 1987. Binti yao, Nastia, alizaliwa Moscow mwaka 1989. Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991, na mfumo wa michezo uliokuwa ukigharamiwa na serikali ukayumba pamoja nao. Makocha na wachezaji wengi walitawanyika kutafuta riziki katika nchi nyingine. Familia ya Liukin ilihamia Marekani mwaka 1992, ikaanzia New Orleans kabla ya kwenda Texas.

Wazazi hao hawakukusudia binti yao aufuate mchezo wao, kwa kuwa waliyajua maumivu yake. Lakini kwa vile hawakuwa na uwezo wa kumlipa yaya, Nastia alishinda nao ukumbini, akawa anawatazama wanafunzi na kuiga walichokifanya. Hivyo ndivyo safari yake ilivyoanza.

Namna klabu inavyoendeshwa

Ili kuielewa WOGA, ni muhimu kufahamu kwamba Marekani haina wizara ya michezo. Sheria ya mwaka 1978 iliikabidhi Kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo dhamana ya kusimamia michezo ya Olimpiki, na kamati hiyo haitegemei ruzuku ya kudumu ya serikali kuu. Malezi ya awali ya mchezaji hufanyika katika klabu za binafsi, na ada hulipwa na wazazi.

Kwa sababu hiyo, klabu ya aina hii huwa na sura mbili. Sura ya kwanza ni madarasa ya watoto wadogo wanaokuja kucheza, kunyoosha viungo na kujifunza kupinduka kwa usalama. Hao ndio wengi, na ada zao husaidia kulipia jengo, vifaa na mishahara. Sura ya pili ni kikosi kidogo cha mashindano. Watoto hupanda ngazi 10 zilizowekwa na shirikisho la taifa, na wachache wanaofaulu majaribio maalumu huingia daraja la juu kabisa linalotoa wachezaji wa timu ya taifa. Katika daraja hilo ni jambo la kawaida msichana kufanya mazoezi kwa saa 30 au zaidi kwa wiki, na wengi hulazimika kupanga upya masomo yao ili kupata nafasi hiyo.

Jimnastiki ya wanawake ina vifaa vinne: meza ya kurukia, fito mbili zenye vimo tofauti, boriti na sakafu. Boriti ina urefu wa mita 5 na huinuliwa sentimita 125 kutoka chini, na uwanja wa sakafu ni mraba wenye upande wa mita 12. Bingwa wa jumla ni yule anayepata alama nyingi zaidi baada ya kushindana katika vifaa vyote vinne. Tangu mwaka 1997, msichana haruhusiwi kushiriki Olimpiki isipokuwa awe anatimiza angalau miaka 16 katika mwaka wa michezo hiyo.

Athens 2004: dhahabu ya kwanza

Dalili za mafanikio zilionekana mwaka 2003 katika Mashindano ya Dunia yaliyofanyika Anaheim, California. Timu ya wanawake ya Marekani ilitwaa dhahabu ya dunia kwa mara ya kwanza, na WOGA ilikuwa na wasichana wawili katika kikosi hicho. Hollie Vise alipata dhahabu ya fito akilingana kwa alama na Mmarekani mwenzake Chellsie Memmel, na Carly Patterson akapata fedha ya ubingwa wa jumla.

Patterson, mzaliwa wa Baton Rouge katika jimbo la Louisiana, alikuwa akifundishwa na Marchenko. Aliwasili Athens akiwa na umri wa miaka 16 na kukutana na Svetlana Khorkina wa Urusi, mchezaji mzoefu aliyekuwa amekwishautwaa ubingwa wa jumla wa dunia mara tatu. Tarehe 19 Agosti 2004 Patterson alimaliza akiwa na alama 38.387 dhidi ya 38.211 za Khorkina. Zhang Nan wa China alishika nafasi ya tatu.

Ushindi huo ulikuwa na uzito wa pekee. Mmarekani wa kwanza kuwa bingwa wa jumla wa wanawake alikuwa Mary Lou Retton, Los Angeles mwaka 1984, lakini michezo hiyo ilisusiwa na Umoja wa Kisovieti na baadhi ya washirika wake. Patterson ndiye Mmarekani wa kwanza kuutwaa ubingwa huo katika michezo isiyosusiwa, tena chini ya kocha aliyelelewa na mfumo uleule ambao wachezaji wake walikosekana mwaka 1984. Aliondoka Athens akiwa pia na fedha mbili, ya timu na ya boriti. Muda si mrefu baadaye, matatizo ya mgongo yalimlazimu kuacha mashindano.

Beijing 2008: baba na binti

Nastia Liukin hakushiriki Athens kwa sababu umri wake ulikuwa haujafika. Mwaka uliofuata, katika Mashindano ya Dunia ya Melbourne, alipata dhahabu ya fito na dhahabu ya boriti, lakini ubingwa wa jumla ukamponyoka kwa tofauti ya alama 0.001 tu. Chellsie Memmel alipata 37.824, yeye akapata 37.823. Kwa jumla, kati ya mwaka 2005 na 2007, Liukin alikusanya medali tisa za Mashindano ya Dunia.

Mwaka 2006 ulileta mabadiliko makubwa ya utoaji alama. Ule mfumo wa zamani, ambao kilele chake kilikuwa alama 10, uliachwa. Tangu hapo mchezaji hupewa alama mbili zinazojumlishwa: moja kwa ugumu wa vitendo anavyovifanya na nyingine kwa ubora wa utekelezaji wake. Ndiyo maana alama za Beijing haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na zile za Athens.

Tarehe 15 Agosti 2008, Nastia alitwaa ubingwa wa jumla wa Olimpiki kwa alama 63.325, akimtangulia Mmarekani mwenzake Shawn Johnson aliyepata 62.725 na Yang Yilin wa China aliyepata 62.650. Pembeni ya uwanja alisimama baba yake, ambaye pia ndiye aliyekuwa kocha wake. Miaka 20 kabla ya hapo, Valeri Liukin aliikosa dhahabu ya ubingwa huohuo mjini Seoul na kurudi na fedha. Medali aliyoikosa baba akiichezea nchi ambayo haipo tena, binti aliipata akiichezea nchi waliyohamia.

Siku tatu baadaye, katika fainali ya fito, Nastia na He Kexin wa China walilingana kabisa kwa alama 16.725. Kanuni za kutenganisha sare zikampa He dhahabu na Nastia fedha. Alihitimisha michezo hiyo akiwa na medali tano: dhahabu moja, fedha tatu na shaba moja.

Utamaduni wa fito

Kati ya vifaa vyote vinne, fito ndizo zilizoitambulisha zaidi klabu hii. Baada ya Vise mwaka 2003 na Liukin mwaka 2005, Madison Kocian, mzaliwa wa Dallas, alitwaa dhahabu ya kifaa hicho katika Mashindano ya Dunia ya Glasgow mwaka 2015. Fainali hiyo iliingia katika kumbukumbu za mchezo kwa kuwa wasichana wanne walilingana kwa alama 15.366 na wote wanne wakavishwa dhahabu: Kocian, Fan Yilin wa China, na Viktoria Komova na Daria Spiridonova wa Urusi.

Mwaka uliofuata, mjini Rio de Janeiro, Kocian alikuwa katika timu ya Marekani iliyotwaa dhahabu, na akapata fedha ya fito nyuma ya Aliya Mustafina wa Urusi. Makocha wake katika WOGA walikuwa mume na mke kutoka Ufaransa, Laurent Landi na Cécile Canqueteau-Landi. Cécile mwenyewe aliiwakilisha Ufaransa katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Mwaka 2017 wawili hao waliondoka na kwenda kumfundisha Simone Biles katika klabu ya familia yake, iliyopo pia Texas, na walikuwa pamoja naye alipoutwaa tena ubingwa wa jumla wa Olimpiki mjini Paris mwaka 2024. Utaalamu uliohama Moscow kwenda Plano uliendelea kuhama, kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine.

Gharama ya mwili

Orodha ya medali peke yake haisemi habari yote. Rebecca Bross, aliyefundishwa na Valeri Liukin, alipata medali sita za Mashindano ya Dunia katika miaka miwili, 2009 na 2010, zikiwamo fedha na shaba za ubingwa wa jumla. Mwaka 2010 alikuwa bingwa wa taifa. Agosti 2011, akitetea ubingwa huo mjini St. Paul, pia ya goti lake iliteguka alipotua baada ya kuruka meza. Alirejea kwa majaribio ya Olimpiki ya mwaka 2012 lakini hakuchaguliwa.

Katika majaribio hayohayo, yaliyofanyika San Jose, Nastia Liukin alikuwa akijaribu kurudi baada ya miaka minne. Alipoziachia fito ili azidake tena, mikono yake ilizikosa na akaanguka kifudifudi. Alinyanyuka, akapanda tena na kumaliza zoezi lake. Hakupata nafasi katika timu, lakini ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi.

Katelyn Ohashi alipita njia nyingine. Mwaka 2013, akiwa WOGA, alilitwaa Kombe la Marekani mbele ya Simone Biles, ambaye miezi michache baadaye alianza kutawala mchezo huo duniani. Majeraha yakamtoa Ohashi katika daraja la juu, na baadaye alieleza hadharani kwamba alikuwa amepoteza furaha ya kucheza. Aliipata tena katika jimnastiki ya vyuo, akiwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, maarufu kama UCLA. Zoezi lake la sakafuni la Januari 2019, lililopewa alama kamili ya 10, lilitazamwa na mamilioni ya watu duniani. Kocian alisoma na kucheza katika chuo hichohicho, na wote wawili walikuwa katika timu iliyotwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2018.

Mwaka ulioutikisa mchezo

Mwaka huohuo wa 2018 ulikuwa wa majonzi na uwajibikaji kwa jimnastiki ya Marekani. Januari, mahakama ya Lansing katika jimbo la Michigan ilimhukumu Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa, kifungo cha kati ya miaka 40 na 175 kwa kuwadhalilisha kingono wasichana waliopelekwa kwake kutibiwa. Zaidi ya waathirika 150 walitoa ushuhuda. Agosti mwaka huo, Madison Kocian na mwenzake wa UCLA, Kyla Ross, walijitokeza hadharani na kueleza kwamba nao walikuwa miongoni mwa waliodhalilishwa na daktari huyo. Msichana aliyevishwa dhahabu Rio alikuwa amebeba mzigo ambao wasimamizi wa mchezo walipaswa kumkinga nao.

Misukosuko hiyo iliugusa uongozi wote wa mchezo. Valeri Liukin, aliyeteuliwa kuwa mratibu wa timu ya taifa ya wanawake Septemba 2016, alijiuzulu Februari 2018. Kambi ya mazoezi ya timu ya taifa iliyokuwa katika shamba la familia ya Karolyi, jimboni Texas, iliachwa. Shirikisho la jimnastiki la nchi hiyo liliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Desemba 2018, na miaka mitatu baadaye yakafikiwa makubaliano ya fidia ya dola milioni 380 kwa waathirika.

Serikali, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa imekaa kando ya michezo, ililazimika kuingilia kati kwa njia ya sheria. Kituo huru cha kupokea na kuchunguza malalamiko ya udhalilishaji michezoni kilifunguliwa Denver Machi 2017. Sheria iliyosainiwa Februari 2018 ilikipa kituo hicho mamlaka ya kisheria na kuwataka watu wazima wanaofanya kazi na wanamichezo watoto kutoa taarifa mara wanaposhuku udhalilishaji. Sheria nyingine ya Oktoba 2020 iliongeza uwezo wa Bunge kuisimamia Kamati ya Olimpiki. Kwa mabadiliko hayo, klabu kama WOGA bado ni mali binafsi, lakini usalama wa mtoto anayeingia humo si suala la binafsi tena.

Kizazi kipya

Ukumbi wa Plano haukukauka. Konnor McClain alitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2022 akiwa WOGA. Skye Blakely, aliyekulia katika mji jirani wa Frisco, ambako klabu hiyo pia ilifungua tawi, alikuwa katika timu zilizotwaa dhahabu ya dunia Liverpool mwaka 2022 na Antwerp mwaka 2023. Alikuwa akitazamiwa kwenda Paris, lakini kano ya kisigino chake ilikatika siku chache kabla ya majaribio ya Juni 2024 mjini Minneapolis kuanza.

Aliyekwenda Paris kutoka klabu hiyo ni Hezly Rivera, msichana wa New Jersey ambaye familia yake ilihamia Texas kwa ajili ya mazoezi yake. Alikuwa ametimiza miaka 16 wiki chache tu kabla ya michezo hiyo, akawa mdogo kuliko wote katika timu iliyotwaa dhahabu. Mwaka 2025, mjini New Orleans, alitwaa ubingwa wa jumla wa taifa. Mji huo ndio uliowapokea wazazi wa Nastia walipowasili Marekani.

Funzo la miaka 30

Yapo mambo matatu yanayojitokeza katika historia ya WOGA. Kwanza, utaalamu hukaa ndani ya watu kabla ya kukaa ndani ya majengo. Dola iliyomlea Valeri Liukin ilitoweka, lakini alichofundishwa hakikutoweka, na nchi iliyompokea ilivuna matunda yake. Pili, mabingwa hutokana na msingi mpana. Ada za watoto wengi ambao kamwe hawatashindana kimataifa ndizo zinazosaidia kuufanya ukumbi uwe wazi kwa wale wachache watakaofika huko.

Tatu, na hili lilijifunzwa kwa uchungu, medali si kipimo cha kutosha cha ubora wa malezi. Kuanguka kutoka kwenye fito ni sehemu ya mchezo, na kila msichana anayeingia ukumbini analijua hilo. Kudhalilishwa na mtu mzima aliyeaminiwa si sehemu ya mchezo wowote. Mtoto anaweza kufundishwa kuishinda hofu ya boriti na hofu ya kuanguka. Hofu ya watu waliopewa dhamana ya kumlea ni jukumu la watu wazima, kwa klabu, mashirikisho na sheria, kuhakikisha kwamba haipati nafasi ya kuzaliwa.